Namba Sahihi, Kipimo Kibaya: Skripti Yangu na Viazi vya Njombe

Wanafunzi wenzangu, hasa nyie wa mwaka wa tatu mnaojiandaa kwenda kukusanya data, jifunzeni kwa aibu yangu kabla hamjapata ya kwenu.

Utafiti wangu ulihusu mavuno ya viazi mviringo mkoani Njombe. Mimi nilizunguka mashamba ya Njombe mjini na pembezoni mwake, mwenzangu akashika upande wa Makambako, kama kilomita 60 kaskazini. Tuliporudi chuoni tuliunganisha majedwali yetu ya Excel, nikaandika skripti fupi ya Python: gawanya tani kwa eneo, kisha toa wastani. Jibu likaja: Makambako 9.6, Njombe 4.2. Programu haikulalamika hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoteleza. Badala ya kuuliza namba zimetokaje, nilianza kuzitafutia sababu. Njombe iko juu zaidi, mwezi wa sita na wa saba baridi yake si ya mchezo, nikasema umande unaganda na kuunguza majani. Udongo nao nikaulaumu. Nikajaza kurasa mbili za mjadala, na mwishoni pendekezo: wakulima wa Njombe waongeze mbolea. Sasa mbolea ni hela. Mtu mwenye ekari moja angetoa hela ya mifuko ya ziada kwa sababu ya mistari minne niliyoandika usiku hosteli.

Aliyeniokoa ni mama mmoja anayeuza viazi sokoni Makambako. Nilimpigia simu kuulizia bei, baada ya shikamoo nikamdokezea matokeo. Akacheka: "Mwanangu, hivi viazi ninavyouza mimi nafuata Njombe. Leo sisi ndio tuwazidi wao mara mbili?"

Nikarudi kwenye data. Hatua nilizopitia ni hizi.

Kwanza, angalia uwiano. Ukigawanya 9.6 kwa 4.2 unapata kama 2.3. Hekta moja ni ekari 2.47. Hazilingani kabisa, maana mashamba yenyewe hayafanani, ila zimekaribiana mno kupuuzwa. Makosa mengi ya vipimo yana namba yake, kwa hiyo ukiona mojawapo ya hizi, shtuka:

• 2.47: ekari na hekta. Ukiona 6.1, huenda hesabu hiyohiyo imefanyika mara mbili.
• 2.2: kilo na pauni.
• 1,000: kilo na tani, au milimita na mita. Data za mvua za ERA5 huja kwa mita, 0.004 ni milimita 4, usiseme ukame.
• 86,400: sekunde zilizomo katika siku moja. Data nyingi za modeli za tabianchi hutoa mvua kwa sekunde.
• Tofauti ya 273.15: hapa hugawanyi, unatoa. Joto la 285 ni la Kelvini, yaani nyuzi 11.85 za Selsiasi.

Pili, soma namba ghafi kwa macho, usitosheke na wastani. Eneo la mashamba ya Njombe lilikuwa 0.5, 1, 1.5, 2. La Makambako lilikuwa 0.202, 0.405, 0.607, 0.809. Hakuna mkulima anayekwambia ana shamba la 0.405. Anakwambia ekari moja, au nusu ekari. Kumbe mwenzangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshageuza zake kuwa hekta ndani ya Excel. Mimi niliacha ekari. Kolamu zote mbili tuliziita "eneo", basi.

Tatu, geuza mara moja tu, na usifute namba ya mwanzo. Katika kurekebisha nilizidisha kolamu ileile kwa 0.4047, nikasahau, nikaiendesha ile seli tena. Njombe ikaruka mpaka tani 25.6 kwa hekta! Dawa yake ni kuacha kolamu ghafi ilivyo na kutengeneza mpya: eneo_ekari inabaki, eneo_hekta inazaliwa kutoka kwake. Hata ukiendesha mara kumi, jibu ni lilelile. Kipimo kikikaa kwenye jina la kolamu, hata mwenzako ataelewa. Wanaotaka ulinzi zaidi, Python ina Pint na R ina units. Ukijaribu kujumlisha mita na kilo, zinakataa palepale.

Baada ya hapo Njombe ikawa 10.4, Makambako 9.6. Kurasa zangu mbili za baridi na udongo zikaenda kapuni, pamoja na pendekezo la mbolea.

Msidhani ni kosa la wanafunzi peke yao. Tarehe 23 Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazisoma kama za nyutoni. Tofauti yake ni mara 4.45. Kompyuta zilipokezana namba bila kugundua kosa la kipimo.

Nne, na hili ndilo lililonisumbua zaidi: kuna kipimo ambacho programu haiwezi kukigeuza. Tani zangu zilitokana na kuhesabu magunia na kuzidisha kwa kilo 100, kikomo kinachosimamiwa na Wakala wa Vipimo. Lakini sote tunaijua lumbesa. Gunia linajazwa, linaongezewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba, na kila mfungaji ana mkono wake. Huwezi kuandika "lumbesa mara kadhaa" kwenye skripti. Debe nalo ni hivyohivyo, linapima ujazo, halipimi uzito.

Nilirudi Njombe na mizani ya kuning'iniza. Waliokuwa bado na magunia tulipima, waliokwisha kuuza nikawaondoa kwenye hesabu na nikaeleza hivyo kwenye ripoti. Sampuli ilipungua, ripoti ikachelewa wiki mbili, msimamizi hakufurahi. Ila zile zilizobaki naweza kumsomea mkulima mwenyewe, shambani kwake, bila kuangalia chini.

Kwa hiyo kabla hujaandika "hii inatokana na", rudi kwenye daftari la fildi uangalie kipimo. Kisha mpigie simu mtu anayeuza au kulima kitu hicho, umwambie jibu lako. Akicheka, fungua skripti upya.