Somo: Kidonda kimepona, hofu imebaki

Lengo: Kusaidia waliojeruhiwa, jamaa zao na viongozi kutofautisha ugonjwa na hofu ya ugonjwa.

Sisi watu wa Tshopo tunajua majeraha. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, na raia wengi waliumia kwa mabomu. Tangu 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola umefukuza tena familia nyingi.

Tuchukue mfano. Baba mmoja alikatwa panga kichwani, akakimbilia kwa jamaa zake Banalia. Kidonda kimefunga. Lakini kichwa kikiuma kidogo tu, anasema: "Ninakufa." Anakumbuka pia homa ya uti wa mgongo iliyoua watu Banalia mwaka 2021. Usiku halali, anagusa kovu. Mchana anazunguka kwa wauza dawa, na pesa ya chakula inaisha.

Huyu si mwendawazimu, wala hajarogwa. Mwili ulioponea kifo hukaa macho hata hatari ikipita. Moyo hupiga mbio, kifua hubana, naye hudhani ni ugonjwa mpya. Basi hofu huongezeka, na moyo huzidi kupiga.

Kwanza apimwe. Aende kituo cha afya mara moja akiona: homa kali, shingo kukakamaa, kutapika, degedege, mkono au mguu kulegea, kuchanganyikiwa, maumivu ya kichwa yanayozidi, au usaha.

Muuguzi akiona hakuna hatari:

1. Hofu ikija, avute pumzi polepole kwa pua, aitoe polepole zaidi, mara kumi.
2. Atazame kovu mara moja tu kwa siku, wakati wa kuoga.
3. Asinunue dawa bila ushauri. Asitulize hofu kwa pombe.
4. Arudie kazi ndogo, kama kupalilia.
5. Achague mtu mmoja wa kumweleza hofu yake.

Hofu ikiendelea wiki nyingi, au akisema afadhali afe, msimwache peke yake. Mpelekeni kwa muuguzi.

Kwa viongozi: Msimwite mvivu. Msimlazimishe kusimulia shambulio mbele ya watu. Kila maumivu humkumbusha aliyemkata, na mawazo ya kisasi yanaweza kuanzia hapo. Kumsikiliza ni sehemu ya kazi ya amani.

Maswali ya kujadiliana:
- Katika mtaa wetu, nani amepona kidonda lakini bado anaishi na hofu?
- Nani atamtembelea wiki hii?