Uko Lukafu, unajitegemea: andika wasifu unaoleta kazi

Mashirika, migodi na watafiti wa Lubumbashi huhitaji watu wa upande wa Kasenga: mkalimani, mpiga picha, mkusanyaji wa takwimu, fundi wa sola. Wengi wao hawatakuona kabla ya kukupa kazi. Watasoma mistari michache kwenye simu, kisha waamue. Kwa hiyo:

1. Anza na kazi, tabia iache. "Kijana mwaminifu, mwenye bidii" huandikwa na kila mtu, na msomaji hana namna ya kuhakikisha. Andika unachofanya: "Ninatafsiri Kifaransa, Kiswahili na Kibemba katika mikutano ya vijiji vya Kasenga." Anayetafuta mkalimani ameshajua kama ni wewe.

2. Taja kinachokutofautisha. Hapa ndipo wengi tunapojipunja. Miaka ya 1973 na 1974, mtafiti Johannes Fabian alipokuwa Lubumbashi, wachoraji wa mji waliuza picha za mamba muntu (nguva) na za Colonie Belge (enzi ya utawala wa Wabelgiji). Tshibumba Kanda Matulu naye alikuwa mmoja wa wachoraji hao, akiuza ili apate chakula. Lakini alijitambulisha kuwa mchoraji na mwanahistoria, akaichora historia ya nchi nzima, picha kwa picha, mpaka zikafika 100 hivi. Hadi leo anajulikana kwa historia hiyo. Nawe jiulize: watu hukufuata wewe kwa lipi? Kama unapiga picha za harusi kama wengine, lakini pia unapanda Kundelungu na vifaa vyako, basi Kundelungu ikae mstari wa kwanza.

3. Sema uliko, kikamilifu. Tangu 2015 Katanga ya zamani ni majimbo manne, na mtu wa Kinshasa akisoma "Katanga" tu anaweza kudhani uko Kolwezi. Andika "Lukafu, Kasenga, Haut-Katanga." Usijifiche nyuma ya jina la Lubumbashi: anayetaka mtu wa Lukafu anakutafuta kwa sababu uko Lukafu. Kama unafanya kazi sehemu mbili, taja zote mbili. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, hutambulishwa kuwa anaishi na kufanya kazi kati ya Lubumbashi na Brussels, na haijampunguzia kitu.

4. Toa ushahidi wa kazi mbili au tatu: mwaka, mahali, ulichokabidhi. "2023, niliongoza wakusanyaji sita wa takwimu, kaya 240" ina uzito zaidi kuliko "uzoefu mkubwa." Jina la mteja liandike akikubali. Na tafadhali usiongeze chumvi. Lubumbashi watu hupigiana simu kuulizana.

5. Una namba ya RCCM (usajili wa biashara) na namba ya kodi? Ziweke. Sheria ya Februari 2017 imetengea kampuni za Wakongo kazi ambazo kampuni kubwa huwapa wengine wa nje, na anayetoa kazi hizo lazima ajue anashughulika na nani kisheria. Kama bado huna, nyamaza kuhusu hilo na anza kuzitafuta.

6. Uwe na wasifu wa urefu wa aina tatu. Wa WhatsApp, ambako nafasi ya kujieleza ni ndogo. Wa aya moja kwa barua pepe. Wa nusu ukurasa kwa anayeomba zaidi.

7. Kifaransa kwanza, kwa sababu ofisi zinasoma Kifaransa. Kiingereza pia, kama unalenga migodi au wateja wa Zambia. Usikubali mashine ikutafsirie bila mtu anayejua lugha hiyo kupitia: mkalimani mwenye wasifu wenye makosa amejiharibia mwenyewe.

8. Namba ya simu ianze na +243, na uongeze ya mtandao wa pili. Kama ukienda vijijini simu haishiki, andika saa unazopatikana, pamoja na namba ya mtu wa mjini anayeweza kukupokelea ujumbe.