Kubadili Diski ya Ndani ya Kinasa Sauti, na Hatima ya Sauti za Wagonjwa

Katika kliniki za masikio, pua na koo, na katika tafiti ambazo wagonjwa huhojiwa vijijini mwao, kunasa sauti ni sehemu ya kazi. Tunanasa sauti iliyokwaruza kabla ya upasuaji wa zoloto, matamshi ya mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, na simulizi ya mama aliyepoteza ujauzito. Vinasa sauti vingi vya siku hizi huhifadhi sauti hizo kwenye kadi ndogo. Hata hivyo, vingali vipo vile vilivyotengenezwa miaka ya 2000 kwa ajili ya watangazaji na watengeneza filamu, vyenye diski ngumu ndani yake, kama vile Edirol R-4 na Sound Devices 722 na 744T. Vikitunzwa, bado hunasa sauti safi sana. Kinachowahi kuchoka ni diski.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Ndani ya diski ngumu kuna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea, kikiwa mbali na sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Chombo kikianguka, au kikitikisika sana ndani ya gari huku kinarekodi, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza. Diski inayougua hutoa dalili: mlio wa kugongagonga, kinasa kuchelewa kuwa tayari, au rekodi kukatika katikati. Dalili hizo zikionekana, usirekodi tena juu ya diski hiyo. Nakili kwanza kila kilichomo, katika sehemu mbili tofauti, kisha sikiliza baadhi ya faili ulizonakili. Kuona jina la faili katika kompyuta si uthibitisho kwamba sauti imo.

Ni vema kujua wingi wa mzigo unaoushika. Rekodi ya chaneli 2, ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, huandika baiti 288,000 kila sekunde, yaani zaidi kidogo ya gigabaiti 1 kwa saa. Kwa hiyo diski ya gigabaiti 40, ambayo leo tunaiona ndogo, hubeba zaidi ya saa 38: mahojiano 50 hivi ya dakika 45 kila moja. Watu 50 katika kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Katika kuchagua diski mpya, ukubwa wa nje peke yake haukutoshi. Diski za inchi 2.5 zilizotumika katika kompyuta za mkononi za zamani zina kiungio cha pini 44. Zilizofuata, za SATA, zina kiungio kingine kabisa na haziingii bila adapta. Vyombo vingine vya zamani pia haviwezi kutambua nafasi inayozidi gigabaiti 137, hata ukivipa diski kubwa zaidi. Unene nao upimwe kabla ya kununua. Wengi sasa huweka diski isiyozunguka, ambayo mafundi huiita SSD, kwa kuwa haina sahani wala kichwa cha kugusana nayo. Naiunga mkono njia hiyo kwa chombo kinachosafiri, mradi kijaribiwe vya kutosha kabla ya kutumika kwa mgonjwa.

Kazi yenyewe si ndefu. Zima chombo, ondoa betri na waya wa chaja, gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha fungua skrubu kwa bisibisi inayozitosha. Toa diski kwa kuivuta sawasawa, maana pini zikipinda ni shida kuzinyoosha. Ukishaweka mpya, ifomati ndani ya kinasa chenyewe wala si kwenye kompyuta, ili mpangilio wake uwe ule ambao chombo kinautambua. Halafu rekodi kwa saa 2 mfululizo, kwa mipangilio ileile unayotumia kazini, na usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Kama chombo chako kinaweza kuandika kwenye diski na kadi kwa wakati mmoja, kama ile 722, tumia uwezo huo daima.

Linabaki jambo zito kuliko skrubu zote: diski ya zamani. Vinasa hivi huandika faili za kawaida zisizo na nywila, na yeyote mwenye adapta ya bei ndogo anaweza kuzisikiliza. Kufuta faili hakuondoi sauti. Huondoa tu anwani yake katika orodha, nayo sauti hukaa palepale mpaka iandikwe nyingine juu yake. Kufomati kwa haraka ni hivyohivyo. Tena sauti hutambulisha. Unaweza kuficha jina la mgonjwa katika fomu, lakini jirani yake ataitambua sauti kwa sentensi moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zote mbili huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Kwa hiyo kinasa kisipelekwe kwa fundi kikiwa na diski ndani, itolewe kwanza. Diski ngumu ambayo bado inafanya kazi iandikwe upya yote kwa programu ya kufuta kabisa. Iliyokufa itobolewe sahani zake, na anayetoboa avae miwani ya kinga, kwani sahani za diski ndogo mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande vikali. SSD haiaminiki kwa kuandikwa juu, kwa sababu hugawa data mahali ambapo mtumiaji hafikii. Hiyo ivunjwe chipu zake.

Na wewe mgonjwa uliyewahi kurekodiwa, unayo haki ya kuuliza sauti yako iko wapi na nani anaisikiliza. Mhudumu akujibu kwa kukuonyesha daftari lenye namba ya diski, tarehe ilipotolewa, aliyeiharibu na aliyeshuhudia.