Fuvu Lenye Maua

Masomo: Walawi 19:28, Isaya 49:16

Wapendwa, siku hizi wako vijana wanaochorwa ngozini fuvu la kichwa lililopambwa maua. Wengine wetu husema ni uchawi. Tujifunze kwanza.

Asili yake ni Meksiko. Huko, tarehe 1 na 2 Novemba, jamaa huwakumbuka marehemu wao: husafisha makaburi, huwasha mishumaa, hutandaza maua ya rangi ya chungwa, na kuandika majina juu ya mafuvu ya sukari. Fuvu la mwanamke mwenye kofia kubwa lilichorwa na José Guadalupe Posada, aliyefariki mwaka 1913. Aliwakejeli watu walioona haya asili yao wakajifanya Wazungu. Maana yake: chini ya mavazi, sote ni mifupa. Basi mara nyingi anayechorwa fuvu hilo anamkumbuka mama au ndugu aliyemzika.

Torati iliwakataza Waisraeli kujichanja na kujitia alama kwa sababu ya wafu. Nasi, tarehe zizo hizo, twawakumbuka Watakatifu Wote na waliolala katika Bwana. Lakini kwa sala, si kwa wino. Tena Isaya asema Mungu mwenyewe amewachora watu wake viganjani mwake. Wafu wetu hawasahau. Alama hiyo yatutosha.

Kwa hiyo, kijana mwenye mchoro huo akija kanisani, tusimfukuze. Tumwulize kwa upole: "Mwanangu, unamlilia nani?" Kisha tuombe pamoja naye.

Swali: Je, sisi twawakumbukaje marehemu wetu?