Kijana wa Rungwe Achague Vipi Chuo cha Fizikia?

Wakazi wa wilaya ya Rungwe huishi juu ya somo la fizikia, hata wasiolijua jina lake. Mlima Rungwe ni volkano iliyolala. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya shimo la volkano, na juu ya Mto Kiwira lipo Daraja la Mungu, daraja la mwamba ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Mvua inyeshayo Tukuyu juu ya migomba na mashamba ya chai, na maji ya moto yatokayo ardhini, vyote hufuata kanuni zisizovunjika. Basi si ajabu kijana wa huko amalizapo kidato cha sita akatamani kusoma shahada ya kwanza ya fizikia. Lakini asome wapi? Swali hili si dogo, kwa maana jamaa nzima hujinyima ili mtoto mmoja aende chuoni, na miaka mitatu ikipotea hairudi.

Kabla ya kujibu, yafaa tuondoe hofu moja. Wako wazazi wanaodhani kwamba elimu hii itamtoa kijana wao katika imani, na wako wapelelezi wa dini wanaodhani kwamba mwenye imani hawezi kuifikia elimu hii. Kurani Tukufu humwita mwanadamu mara kwa mara aziangalie mbingu na ardhi na atumie akili yake. Tena tunao mfano ulio wazi. Profesa Abdus Salam, mfuasi wa Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, alizaliwa mwaka 1926 katika Punjab na akakulia Jhang, mji ulio katikati ya mashamba. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg, kwa kuonyesha kwamba nguvu ya umeme na sumaku, na ile nguvu dhaifu iliyomo ndani ya kiini cha atomu, asili yake ni moja. Katika karamu ya tuzo hiyo mjini Stockholm, Salam alisoma aya za Sura Al-Mulk. Weinberg naye hakuwa mtu wa dini, na alilisema jambo hilo waziwazi. Hata hivyo hesabu zao zilifika mahali pamoja. Ni dhahiri kwamba fizikia haimnyang'anyi mtu imani yake, wala haimlazimishi kuamini. Yule aaminiye huona ndani yake hekima ya Muumba.

Sasa tutazame mambo manne ya kupima.

Kwanza, ijue shahada yenyewe. Shahada ya sayansi katika fizikia si sawa na shahada ya sayansi pamoja na ualimu. Katika hii ya pili mwanafunzi husoma masomo mawili ya kufundishia pamoja na elimu ya ualimu, kwa hiyo sehemu ya fizikia hupungua. Atakaye kufundisha shule za sekondari na achague hii, wala asijione mdogo, kwa sababu nchi inawahitaji sana waalimu wa sayansi. Atakaye utafiti, hali ya hewa au mionzi ya hospitali na atafute fizikia yenyewe, yenye hisabati nyingi. Jina la chuo lisimdanganye mtu: mtaala ndio usomwe.

Pili, ukaribu si hoja ya kutosha. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya kiko jirani na Rungwe, lakini kilianza kama chuo cha ufundi na sifa yake kubwa ni uhandisi. Anayetaka uhandisi ana bahati ya kuwa karibu nacho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko mbali sana na Tukuyu, lakini kitivo chake cha sayansi kilifunguliwa mwaka 1965. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho hufundisha sayansi. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo kinachoeleza kozi na ufaulu unaotakiwa. Kisome kabla ya kusikiliza maneno ya njiani.

Tatu, uliza juu ya watu. Salam aliporudi Lahore mwaka 1951 alijikuta peke yake, bila wenzake wa kujadiliana nao utafiti, hata mwaka 1954 akalazimika kurudi Cambridge. Kwa sababu ya uchungu huo alianzisha mwaka 1964, huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia ambamo wataalamu wa nchi maskini wangekutana na wenzao bila kuzihama nchi zao. Kwa hiyo ukifika chuoni uliza: Je, wahadhiri hawa wanafanya utafiti? Je, mwanafunzi hushika vyombo vya maabara kwa mkono wake, au hutazama tu mwenzake akivishika?

Nne, uliza jinsi swali linavyopokewa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, bali alirudi akalipima jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Hata leo wataalamu wanabishana juu yake. Tazama tofauti ya waalimu wawili! Chuo chema ni kile ambacho swali la mtoto wa mkulima hupelekwa maabarani, halichekwi.

Kuhusu gharama, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu huwasaidia wahitaji, lakini mkopo ni deni, na deni ni amana. Jamaa wakae pamoja wahesabu ada, chakula, malazi na nauli kabla kijana hajaondoka.

Mpendwa msomaji, Mtume Mtukufu s.a.w. aliihesabu elimu kuwa wajibu wa kila Mwislamu. Basi mzazi asimzuie kijana kwa hofu, wala kijana asichague kwa fahari ya jina la mji. Na achunguze, na ashauriane na wazazi wake, kisha amwombe Mwenyezi Mungu amwongoze. Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa. Amin.