SOMO: Tusiwasahau akina mama walio gerezani



Katika somo hili tunazungumza juu ya watu ambao mara nyingi hatuwataji mikutanoni: akina mama na wasichana waliofungwa. Tunapohesabu familia kambini, tunahesabu walio hemani. Aliye kasho hahesabiwi. Watoto wake wanalala kwa jirani, nasi tunasema tu, "Mama yao hayupo."

Kwa nini jambo hili ni la haraka

Tarehe 27 Januari 2025, vita vilipoingia Goma, wafungwa walivunja gereza la Munzenze na kutoroka. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafa katika moto uliowaka upande wa wanawake.

Haikuwa mara ya kwanza. Juni 2009, katika gereza hilohilo, wanawake walibakwa wakati wafungwa walipojaribu kutoroka. Septemba 2020, fujo zilipotokea katika gereza la Kasapa, Lubumbashi, wanawake walibakwa tena. Tarehe 2 Septemba 2024 ikawa Makala, Kinshasa, gereza lililojengwa kwa watu 1,500 lakini likiwa na zaidi ya 12,000. Serikali ilisema waliokufa siku hiyo ni 129, na huko pia wanawake walibakwa.

Basi tuseme wazi: gereza likivurugika, mwanamke ndiye anayelipa kwanza. Na wengi walio katika magereza ya nchi yetu hawajahukumiwa bado. Wanangoja. Kwa hiyo kila siku ambayo mama anakaa ndani bila sababu ya sheria ni siku ya hatari kwa maisha yake. Kuifuatilia faili yake mapema ni kuokoa uhai.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inatupatia maneno ya kutumia. Tuyashike kichwani:

1. Hakuna anayeweza kukamatwa kwa kosa la mtu mwingine (kifungu cha 17). Mama hafungwi badala ya mumewe, wala badala ya mtoto wake aliyekimbia.

2. Kila mtu huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe (kifungu cha 17).

3. Aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, na ana haki ya kuonana mara moja na familia yake au avoka wake (kifungu cha 18).

4. Kasho ya polisi haipiti saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria (kifungu cha 18).

5. Kila mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake (kifungu cha 18).

Baada ya polisi, jaji anaweza kuruhusu mtu azuiliwe siku 15 akingoja kesi. Zikiisha, anaweza kuongeza mwezi mmoja, na tena mwezi kwa mwezi. Lakini kila mara lazima jaji aamue upya. Faili haijiongezi yenyewe.

Kuna pia kanuni za mataifa. Kanuni za Bangkok za mwaka 2010 zinahusu wanawake wafungwa, na zinasema mtoto anayeishi gerezani na mama yake asitendewe kamwe kama mfungwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka wanawake watengwe na wanaume na walindwe na walinzi wanawake. Na mapatano ya haki za kiraia, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1976, yanakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mapatano.

Mfano

Tuchukue mfano wa baba aliyekopa pesa, kisha akatoroka. Mwenye deni anakwenda polisi, na mama wa nyumba anachukuliwa "mpaka mume arudi". Siku ya tatu bado yuko kasho, akiwa na mtoto wa titi. Hajui Kifaransa, na karatasi aliyotiwa kidole hakuielewa.

Hapo kuna makosa mangapi? Hesabuni pamoja: kosa si lake, deni si jinai, saa 48 zimepita, na hakuelezwa katika lugha yake.

Tufanye nini

*Tuandike.* Siku ileile kiongozi aandike jina la mama, siku na saa aliyokamatwa, mahali alipo, na nani alimchukua. Bila saa, hatuwezi kudai saa 48.

*Twende wawili au watatu, kwa adabu.* Awemo mwanamke mmoja. Tuseme: "Mheshimiwa, tumekuja kwa ajili ya mama huyu. Tunaomba kujua sababu ya kukamatwa kwake na lini atafika kwa mwendesha mashtaka." Tusitukane, tusitishe. Lakini tukijibiwa "rudini kesho", kesho turudi.

*Tupeleke chakula kwa zamu.* Katika magereza yetu wengi hula kile familia inacholeta. Mama aliyehama hana ndugu karibu. Sahani moja kutoka kambini inamlisha, tena inaonyesha walinzi kwamba ana watu wake.

*Tuulize usalama.* Je, wanawake wana mlango wao? Nani anashika ufunguo usiku? Mjamzito anapata dawa?

*Tutafute msaada.* Tuulize mashirika ya haki za binadamu kuhusu avoka wa bure. Pale mahakama za Serikali hazifanyi kazi kwa sababu ya vita, tujulishe Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ambao hutembelea wafungwa na kuunganisha familia.

*Tujihadhari.* Dhamana ya kweli huamuliwa na wenye mamlaka na ina risiti. Pesa ya chini ya meza haina risiti, na kesho itaombwa tena. Tena tusitangaze jina la mama aliyebakwa. Siri yake ni mali yake.

Kumtetea si kutetea kosa

Wengine watasema: "Kama ameiba, aadhibiwe." Ni kweli, aliyeibiwa naye ana haki yake, nasi tusimdharau. Lakini adhabu hutoka kwa jaji baada ya kusikiliza pande zote mbili. Njaa na kubakwa havimo katika sheria yoyote.

Na akirudi, tumpokee. Kambi inayomcheka mama aliyetoka gerezani inamfunga mara ya pili.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kambi au mtaa wetu, ni akina mama gani wako ndani leo? Watoto wao wanakula kwa nani?

2. Nani kati yetu ataandika na kutunza daftari lao?

3. Tutaanza lini kupeleka chakula, na kwa zamu gani?

Tusifunge mkutano kabla ya kujibu swali la pili.