Aflatoksini: Sumu Isiyoonekana Kwenye Mahindi na Kuvu Inayoizuia

Mwaka wa 2004, watu 317 katika maeneo ya Mashariki na Kati ya Kenya waliugua ghafla. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakafura, na 125 kati yao wakafariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Hawakuwa wamekula kitu kigeni. Walikula mahindi, mengi yakiwa yamevunwa katika mashamba yao wenyewe na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Kilichowaua ni aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu.

Inatoka wapi?

Aflatoksini hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus na jamaa zake wa karibu. Jina lenyewe limetokana na kuvu hiyo: herufi A, silabi ya kwanza ya neno flavus, na neno toksini lenye maana ya sumu. Wanasayansi waliitambua baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka wa 1960. Walikuwa wamelishwa chakula cha mifugo kilichotengenezwa kwa njugu karanga zenye ukungu.

Kuvu hii huishi kwenye udongo na mabaki ya mimea. Huenea kwa spora, ambazo ni kama vumbi jepesi linalobebwa na upepo na wadudu. Ukame na joto vinapoudhoofisha mmea wakati punje zinajaa, spora huingia kupitia ndevu za hindi au matundu yaliyotobolewa na wadudu. Kwa hivyo hatari huanza shambani, kabla hata ya mavuno, kisha huongezeka ghalani mahindi yakiwa hayajakauka.

Kwa nini ni hatari?

Sumu hii haionekani kwa macho. Gunia linaloonekana safi laweza kuwa nayo. Kupika hakuimalizi: unga ukiwa na sumu, ugali pia utakuwa nayo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini Kenya ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi. Katika gunia zima la kilo 90, kiwango hicho hakifiki miligramu moja, uzito wa punje chache tu za chumvi.

Ikiliwa kwa wingi, aflatoksini huharibu ini kwa muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, husababisha saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Ng'ombe anayelishwa mahindi hayo naye hupitisha sumu kwenye maziwa.

Koo zenye sumu na koo zisizo na sumu

Kila kiumbe hubeba jeni, yaani maagizo anayorithi kutoka kwa kizazi kilichotangulia. Ili kutengeneza aflatoksini, kuvu huhitaji jeni zipatazo 25, zilizopangwa pamoja na kufanya kazi kwa zamu kama hatua za mapishi. Jeni muhimu ikikosekana au ikiharibika, sumu haikamiliki.

Watafiti walipochunguza mahindi ya eneo lililoathirika mwaka wa 2004, walikuta kwa wingi kuvu ya kundi linaloitwa S, ambalo hutoa sumu nyingi sana. Hata hivyo, katika uchunguzi wa mahindi na mashamba ya Kenya zilipatikana pia koo za Aspergillus flavus ambazo kwa asili haziwezi kutengeneza sumu. Kuvu hizi kwa kawaida huzaana bila kuchanganya jeni na koo nyingine, hivyo ukoo usio na sumu huendelea kuwa hivyo.

Hapo ndipo wazo la kutumia kuvu dhidi ya kuvu lilipata nguvu. Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini mwaka wa 2015, ina koo nne za Kenya zisizo na sumu. Hazikubadilishwa jeni katika maabara. Spora zake hupakwa kwenye punje za mtama zilizouawa kwa joto ili zisiote. Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu hiyo humea juu ya mtama, husambaa na kukalia mmea mapema, na ile yenye sumu hukosa nafasi. Kiwanda cha kuitengeneza kiko Katumani, Machakos, katika kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO.

Jambo moja lieleweke: Aflasafe hupunguza sumu kwa kiwango kikubwa, lakini si kibali cha kuhifadhi mahindi mabichi.

Hatua za kufuata nyumbani

1. Vuna mara mahindi yanapokomaa. Usiyaache shambani yanyeshewe.

2. Anika juu ya turubai au jukwaa. Usianike kwenye udongo mtupu, maana ndiko kuvu inakoishi.

3. Kausha hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini. Asiye na kipimo atumie chumvi. Weka mahindi kiasi na vijiko viwili vya chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana unyevu; yarudishwe juani. Isiposhikamana, bado ni vyema kuthibitisha kwa kipimo kabla ya kuhifadhi kwa muda mrefu.

4. Chagua na kutoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu. Kukoboa, kama inavyofanywa kwa muthokoi, hupunguza sumu iliyo kwenye ganda, lakini hakuyafanyi mahindi yaliyooza kuwa salama.

5. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Magunia yasiyopitisha hewa ni mazuri, mradi mahindi yawe yamekauka kabla ya kutiwa humo.

Mahindi yakishaharibika

Kwa familia iliyongojea mavuno kwa miezi, kutupa debe moja la mahindi ni uchungu. Mara nyingi mahindi hayo hupelekwa kwa kuku, ng'ombe au kutengeneza pombe. Kufanya hivyo ni kuihamisha sumu tu, kwani hurudi mezani kupitia maziwa au kikombe. Afisa wa kilimo wa wadi ataeleza jinsi ya kuyaharibu kwa njia salama.

Mtu akitapika, akiumwa na tumbo, akifura miguu au tumbo, au macho yakawa manjano, apelekwe kituo cha afya mara moja, na wahudumu waelezwe alichokula. Ikiwa zaidi ya mtu mmoja wameugua katika boma moja, mahindi yaliyobaki yasipikwe tena wala kupewa jirani. Kiasi kidogo kiwekwe kando, mbali na watoto, ili kipimwe.